Kuchagua plagi mpya za pikapu ya petroli: nunua namba, usinunue umbo

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, injini ya 22R, ya kabureta na distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda). Wiki ya pili tangu niinunue ilianza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake, nikipanda mlima wa Kitonga, nyuma nimepakia sukari na mafuta ya kupikia. Kule Ruaha Mbuyuni kwenye tambarare ilikuwa inakwenda bila neno. Ilipokutana na mlima ikaanza kukohoa. Nikarudi gia ya tatu, ya pili, mwisho nikapanda na ya kwanza kama ninayesukuma mkokoteni. Nilipofika Ilula niliegesha kivulini, nikaiacha injini ipoe kabisa, nikafungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti.

Zile plagi nne zilikuwa za aina tatu. Mbili zilikuwa BPR5EY, ambayo ndiyo ya injini hiyo. Ya tatu namba yake ilikuwa imefutika. Ya nne ilikuwa imeandikwa BPR6HS. Ukiitazama haraka huoni tofauti: kaure nyeupe ileile, nati ileile, unene uleule wa nyuzi, na kwenye shimo lake ilikuwa imeingia na kukaza vizuri tu. Nilipoilaza ubavuni mwa mwenzake ndipo nikaona kwamba sehemu yake ya nyuzi ni fupi kwa milimita sita hivi, sawa na mizunguko mitano ya uzi. Cheche ya silinda ile ilikuwa inaruka ndani ya shimo la hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) badala ya ndani ya chumba cha moto. Gari likiwa tupu lilivumilia. Likiwa na mzigo mlimani, likashindwa.

Kuna mtu aliiuza plagi ile kwa sababu "inaingia", na mwingine akaifunga kwa sababu hiyohiyo. Kuingia ni sharti moja tu kati ya mengi, na ndilo dogo kuliko yote. Haya yanayofuata ni mambo ninayoyafuata sasa, kuanzia kuijua injini hadi kukaza plagi ya mwisho.

Ijue injini kabla hujaenda dukani

Kwanza hakikisha pikapu yako ina plagi za cheche. Hilux nyingi zinazotembea kwetu ni za dizeli, na injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Ina hita, ambazo kazi yake ni kupasha chumba cha moto wakati wa kuwasha. Zinauzwa kaunta moja na plagi na watu huzichanganya.

Kwa Toyota, kibao kilichopigiliwa ndani ya boneti kitakuambia. Tazama herufi za mwanzo za modeli. LN, KUN na GUN ni dizeli. RN ni petroli ya familia ya R, kama hii 22R yangu. YN ni familia ya Y, RZN ni RZ, TGN ni TR (humo ndimo ilimo 2TR-FE ya lita 2.7), na GGN ni ile V6 ya lita 4.0, yaani 1GR-FE. Kwa pikapu za kampuni nyingine, kibao kipo vilevile. Kinachobadilika ni herufi.

Usiishie kwenye kibao. Pikapu ya miaka ishirini au thelathini inaweza kuwa imeshabadilishwa injini, ikafungwa ya mtumba kutoka gari jingine, na kibao kikabaki kilekile. Chukua tochi na kitambaa, futa grisi ubavuni mwa bloku, usome namba ya injini yenyewe. Namba hiyo ndiyo unayoinunulia plagi.

Pata namba sahihi ya plagi

Ukishajua injini, namba ya plagi inapatikana kwenye kitabu cha gari, wakati mwingine kwenye stika iliyobandikwa chini ya boneti, au kwenye katalogi za watengenezaji wa plagi. NGK na Denso, kampuni mbili za Japani ambazo plagi zake utazikuta karibu kila duka la spea, zote zina katalogi kwenye mtandao ambazo unaweza kuzisoma kwa simu ukiwa hapohapo kaunta. Unaandika aina ya gari, mwaka na injini, nayo inakupa namba.

Mifano miwili ninayoifahamu vizuri: 22R inatumia NGK BPR5EY au Denso W16EXR-U, gepu (nafasi ambayo cheche huruka, kati ya ncha ya kati na mguu wa pembeni) milimita 0.8. Ile V6 ya 1GR-FE inatumia Denso K20HR-U11 au NGK LFR6C-11, gepu 1.0 hadi 1.1, na zinahitajika sita.

Plagi uliyoitoa kwenye gari isiwe ushahidi wako pekee. Wengi tunakwenda dukani na plagi kuukuu mkononi tukisema "nipe kama hii". Kama aliyekutangulia alikosea, wewe unalipia kosa lake upya. Ichukue kwa ajili ya kulinganisha tu, namba ya kitabu ikiwa mfukoni.

Namba inasema nini

Ukiweza kuisoma namba, huwezi kuuziwa kitu usichokijua. Chukua BPR5EY. B inamaanisha nyuzi za kipenyo cha milimita 14 na nati ya 20.8, ile inayofunguliwa kwa soketi ya 21. P ni kwamba kaure ya ndani imechomoza kuelekea kwenye moto. R ni rezista. Tano ni kiwango cha joto. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Y ni mfereji wa umbo la V uliochongwa kwenye ncha ya kati ili cheche irukie pembeni na moto ushike upesi.

Sasa rudi kwenye ile BPR6HS iliyonitesa. Herufi tatu za mwanzo ni zilezile, ndiyo maana iliingia. Lakini H ni nyuzi za milimita 12.7. Herufi moja tu katikati ya namba, nami nikapanda Kitonga na gia ya kwanza.

Plagi fupi ina dhara la pili linalokuja taratibu. Mizunguko ya uzi iliyobaki wazi kwenye hedi hujaa masizi yanayoungua hadi yakawa magumu kama jiwe. Siku unapoleta plagi sahihi, inaingia nusu halafu inagoma. Ukiilazimisha unaharibu nyuzi za hedi, na hedi ya 22R ni ya alumini. Kwangu ilibidi fundi aingize tepu (chuma cha kukatia nyuzi) ya 14 kwa 1.25 aliyoipaka grisi tele ili masizi yanate humo, akawa anazungusha kwa mkono robo, anarudi nyuma, robo tena. Ilichukua karibu saa nzima kwa shimo moja. Plagi ndefu kupita kiasi ni balaa jingine: inaweza kugongwa na pistoni au valvu.

Denso wana lugha yao. K20PR-U11: K ni nyuzi za 14 na nati ya 16, nyuzi urefu wa milimita 19, 20 ni joto, P kaure iliyochomoza, R rezista, U ni mfereji wa umbo la U, ambao wao wameuchonga kwenye mguu wa pembeni, na 11 ni gepu, 1.1. Ukiona H pale kwenye K20HR-U11, nyuzi ni ndefu zaidi, 26.5. Kumbuka kwamba H ya Denso sio H ya NGK. Kwa hiyo usihamishe herufi kutoka kampuni moja hadi nyingine; tumia jedwali la kubadilishia.

Herufi R usiichukulie poa. Rezista inazuia kelele ya umeme inayotokana na cheche. Kwenye injini ya zamani ya kabureta ukiikosa utasikia redio inakwaruza. Kwenye injini yenye kompyuta na vihisi, kelele hiyo inaweza kuvuruga ishara, ukaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Kiwango cha joto, mahali panapowaunguza wengi

Watu husikia "plagi ya moto" na "plagi ya baridi" wakadhani ni habari ya nguvu ya cheche. Sivyo. Ni kasi ya plagi kuhamisha joto kutoka kwenye ncha kwenda kwenye hedi. Plagi ya moto ina kaure ndefu ya ndani, joto linakaa. Plagi ya baridi ina kaure fupi, joto linaondoka haraka.

Ncha inatakiwa iwe na joto la kutosha kuunguza masizi yake yenyewe, kuanzia kama nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi. Chini ya hapo masizi yanajikusanya na cheche inapotelea humo. Ikipita kama 850, ncha inageuka kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla ya cheche kuruka. Hapo ndipo pistoni zinapotobolewa.

Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni baridi zaidi. NGK 5 ni sawa na Denso 16, NGK 6 ni Denso 20, NGK 7 ni Denso 22. Bosch na Champion wanakwenda kinyume: kwao namba kubwa ni moto zaidi. Nimewahi kumwona kijana kaunta akimpa mteja plagi ya kampuni nyingine kwa sababu "namba yake ni tano, na hii nayo ni tano". Hizo ni tano mbili zisizofanana kabisa.

Ushauri wangu: baki na namba ya kitabu. Kubeba mzigo peke yake sio sababu ya kuhama. Waliobuni injini ya pikapu walijua itabeba mzigo. Kama plagi sahihi zinaingia masizi, tatizo liko kwingine. Kichujio cha hewa kimeziba, au kabureta inamwaga mafuta mengi. Kubadilisha joto la plagi ili kuficha ugonjwa huo ni kumpa mgonjwa dawa ya usingizi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, zisome zile kuukuu, kila moja na silinda yake. Kahawia nyepesi kama ngozi iliyokaushwa, injini ni nzima. Nyeusi kavu inayofutika kwa kidole, mafuta ya petroli ni mengi kuliko hewa. Nyeusi yenye unyevu wa oili, ringi au sili za valvu zimechoka, na plagi mpya zitachafuka vilevile. Nyeupe yenye malengelenge, injini inachemka, hewa ni nyingi mno au taimingi (wakati wa cheche kuruka) imekwenda mbele. Usiogope ule mstari wa rangi ya kahawia unaozunguka kaure kwa nje karibu na chuma. Wengi huutupia plagi wakidhani moto unavuja, kumbe ni vumbi la oili lililovutwa na umeme.

Nikeli, platinamu au iridiamu

Hapa sina maneno mengi. Injini ya zamani ya kabureta na distributa inaridhika na nikeli ya kawaida, na zikibadilishwa kwa wakati huna cha kukosa. Iridiamu ni ngumu zaidi, inayeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi zaidi ya 2,400, ndiyo maana ncha yake huweza kutengenezwa nyembamba kama milimita 0.4 au 0.6 na bado ikadumu. Cheche inaruka kwa umeme mdogo zaidi. Bei yake ni mara kadhaa ya nikeli.

Kama injini yako ilitoka kiwandani na iridiamu au platinamu, rudishia hivyohivyo. Hii ni lazima zaidi kwa injini ambazo koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) moja inalisha silinda mbili kwa pamoja, kwa sababu humo nusu ya plagi zinarusha cheche kinyumenyume na mguu wa pembeni unaliwa haraka. Plagi zake huwa zimewekewa madini magumu pande zote mbili, na ukiweka ya upande mmoja umepoteza hela.

Muda wa kubadilisha ufuate kitabu. Nikeli huwa ni makumi machache ya maelfu ya kilomita; zile za kudumu huandikiwa hadi 100,000.

Ukiwa kaunta

Iwe ni Kariakoo, Gerezani au Kirinyaga Road kule Nairobi, plagi bandia zipo na boksi zake ni nzuri. Boksi pekee halitoshi. Omba uzitoe zote na uziweke kwenye mwanga.

Angalia mguu wa pembeni kwanza. Kwenye plagi halisi umekaa katikati ya ncha, umekunjwa sawasawa, na weldi yake ni safi. Bandia mara nyingi mguu umepinda kidogo, na ukipanga nne unaona kila moja ina gepu lake. Kisha shika washa, ile pete ya kukandamizwa. Kwenye halisi inazunguka lakini haichomoki kwa urahisi. Kwenye nyingi za bandia unaizungusha kwenye nyuzi mara chache inatoka mkononi. Maandishi kwenye kaure yawe makali, yasififie ukiyasugua kwa kidole. Chuma kiwe laini, nyuzi zisiwe na makwaruzo. Na ukiuziwa iridiamu, ncha yake iwe nyembamba kweli kama sindano. Ukiona ncha nene imepakwa rangi ya kung'aa, rudisha.

Kama una mita ya umeme, kipimo hiki kinakamata bandia nyingi: weka waya mmoja juu, kwenye kichwa cha plagi, mwingine kwenye ncha ya kati. Plagi yenye R isome maelfu ya omu. Nyingi huwa karibu na 5,000. Ikisoma sifuri, rezista haimo, hata kama herufi ipo. Kwa iridiamu gusa kwa wepesi sana, ncha ile inavunjika.

Nunua seti nzima, namba moja, boksi zinazofanana. Kama zinatakiwa nne na duka lina tatu, hiyo ya nne usiikubali ya aina nyingine. Na usinunue plagi zilizosafishwa kwa mchanga zikauzwa kama nusu-mpya. Mchanga hubaki ndani ya kaure na kuangukia kwenye silinda.

Gepu

Zinaweza kuwa zimepimwa kiwandani, lakini zimesafiri, zimeanguka. Pima kila moja kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ya nikeli ukikuta gepu halipo sawa, kunja mguu wa pembeni peke yake, kidogo kidogo, bila kuegemea kwenye kaure wala ncha ya kati. Ya iridiamu usiingize chuma katikati na kukanyua. Kama gepu ni baya sana, rudisha dukani.

Usipanue gepu eti cheche iwe kubwa. Gepu likipanuka koili inadaiwa umeme mwingi zaidi, na penye mzigo, ambapo mgandamizo ndani ya silinda ni mkubwa, cheche inashindwa kuruka. Dalili yake inafanana kabisa na ile ya plagi mbovu.

Kufunga

Injini iwe baridi. Kabla ya kufungua, puliza hewa kuzunguka kila plagi ili mchanga usiingie ndani ya silinda. Fanya moja moja, au weka alama kwenye waya. Mpangilio wa moto wa 22R, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana utahangaika mchana kutwa.

Anza kila plagi kwa mkono. Mimi hutumia kipande cha mpira wa petroli cha urefu wa kalamu, nakichomeka kwenye kichwa cha plagi na kuzungusha. Nyuzi zikikaa upande, mpira unateleza kabla hujaharibu kitu. Ikifika mwisho kwa vidole ndipo nachukua soketi, yenye mpira ndani ili kaure isipasuke.

Ukiwa na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, fuata kitabu. Kwa 22R Toyota wameandika Nm 18. Kama huna, angalia mchoro wa kukazia uliochapwa kwenye boksi. Kwa plagi mpya ya milimita 14 yenye washa huwa ni nusu mzunguko hadi theluthi mbili baada ya vidole kufika mwisho. Plagi unayorudishia ambayo washa wake umeshakandamizwa inahitaji kiasi kidogo sana, kama mshale wa saa unavyosogea kutoka kumi na mbili hadi saa moja. Usipake grisi ya shaba kwenye nyuzi kama chuma cha plagi kimepakwa madini ya kung'aa: nyuzi zikiteleza utakaza kupita kiasi bila kujua.

Washa injini, sikiliza ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Kisha nenda ukapande mlima na mzigo, maana tambarare haitakuambia kitu. Kama bado inamisi na una uhakika na namba pamoja na gepu, hamisha waya au koili ya silinda inayosumbua uipeleke kwa jirani yake. Tatizo likihama nayo, plagi zako ni nzima, kanunue waya au koili. Likibaki palepale, pima mgandamizo wa silinda hiyo kabla hujatumia shilingi nyingine.